Mwoga Aliyenunua Gari la Mbio

Mwalimu aliogopa mbuzi. Aliogopa mbuzi kuliko malori, na malori aliyaogopa sana. Akiona kundi kando ya barabara, hata kama wamelala kivulini wanacheua, alikuambia upunguze mwendo, halafu upunguze tena, halafu usimame kabisa. Mkishasimama alishusha kioo akawatazama kwa makini, kama mtu anayengoja askari amrudishie kitambulisho.

"Usiwaamini," aliniambia siku yangu ya kwanza. "Ng'ombe ana mpango. Ngamia ana kiburi, lakini ana mpango. Mbuzi huamua akiwa tayari hewani."

Alikuwa mwalimu wa udereva hapa Isiolo. Kwa miaka mingi, ukimwona mtu mjini anaendesha polepole, shingo imenyooka, mikono yote miwili imeng'ang'ania usukani kana kwamba utamtoroka, ulijua amepita kwa Mwalimu. Mimi pia nilipita kwake. Nilikuwa nimefungua duka la dawa za mifugo, na nilichoka kuomba lifti za kwenda mnadani Oldonyiro na Garbatulla, nimekaa juu ya mizigo, vumbi hadi kwenye meno. Ndugu zangu walicheka. Walisema barabara zile si za mwanamke. Mwalimu hakucheka. Aliniuliza swali moja tu.

"Binti, wewe ni mwoga?"

"Kidogo, Mwalimu."

"Hiyo kidogo tutaiongeza."

Na kweli aliiongeza. Kabla ya kuwasha gari ulilizunguka, ukainama kuchungulia chini yake, kwa sababu paka hulala pale, na siku moja huenda asiwe paka, akawa mtoto. Ulisema bismillahi, na kama wewe ni Mkristo alikungoja useme ya kwako. Gari lake la kufundishia lilikuwa dogo, jeupe, limechakaa, alama ya L ya mwanafunzi imebandikwa mbele na nyuma. Redio alikuwa ameing'oa akaacha shimo. Miguuni pake, upande wa abiria, alibeba jiwe la kuzuia tairi, na mkisimama mahali penye mwinuko hata wa kiganja, alishuka nalo na kuliweka kabla hujazima injini. Wanafunzi wake walipita mtihani wa polisi karibu wote, ingawa nilisikia mtahini mmoja akilalamika kwamba watu wa Mwalimu wanamchelewesha chakula cha mchana.

Nyumbani kwake, mtaani Bulapesa, hali ilikuwa ile ile. Mkewe, ambaye sote tulimwita Mama, alinieleza kwamba mtungi wa gesi ulikaa nje ya jikoni miaka yote ya ndoa yao, na yeye akipika chai asubuhi mzee alisimama mlangoni mpaka aone moto umezimwa. Mabinti zao walioolewa mbali walitakiwa kupiga simu wakipanda gari, wapige wakifika, na wapige tena baadaye kuhakikisha wamefika kweli. Ndege ikipita juu alinyamaza katikati ya sentensi akaisikiliza mpaka iishe.

"Mimi sikuolewa na mtu," Mama alisema, huku akicheka na kujifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Niliolewa na king'ora."

Watu walimcheka hivyo hivyo mjini, na yeye hakujali. Lakini wale waliokuwepo wakati wa vurugu za makabila hawakumcheka kwa sauti. Mimi nilikuwepo, kwa sababu vurugu zilipoanza nilikuwa kwenye usukani wake, katikati ya somo. Tuliona kwanza moshi upande wa chini wa mji, halafu watu wakikimbia na magodoro vichwani, na maduka yakifungwa, mlango baada ya mlango. Nilitaka kugeuza gari nikimbie. Mwalimu akasema, "Simama hapa. Toka. Nitaendesha mimi."

Alianza kuokota watu. Wanawake wa sokoni, wazee, wenye watoto mgongoni. Hakumuuliza mtu kabila lake. Alikuwa akiwapeleka kwenye uwanja wa kanisa, akirudi, akiwapeleka wengine msikitini, akirudi. Mimi nilikaa nyuma nimempakata mtoto wa mtu nisiyemjua. Njiani vijana walikuwa wameweka mawe barabarani, na kila kundi lilikuwa na watu wake wa kuchukia. Mwalimu alipokaribia mawe yale alishusha kioo, akaendesha kama anavyoendesha siku zote, polepole, taa ya kugeuka ikiwaka, na alama ya L mbele. Kijana mmoja aliinama dirishani akiwa na rungu, akatazama ndani, kisha akamtazama yeye.

"Mwalimu, unaenda wapi?"

"Nafundisha," alisema. Sauti yake ilikuwa nyembamba kama ya mtoto.

Kijana yule alisogeza mawe. Baadaye nilijua kwamba alikuwa amejifunza gari kwake mwaka uliopita. Mwalimu mwenyewe hakuwa amemtambua. Aliniambia kwamba hakuona uso wa mtu yeyote siku ile, aliona mikono tu na vitu vilivyoshikwa mikononi. Tulipomaliza aliegesha nyuma ya hospitali, akafungua mlango, akatapika. Kisha akashuka na jiwe lake akaliweka nyuma ya tairi.

Kwa hiyo nilidhani namjua. Miaka ikapita, nikapata gari langu, nikawa napita kwake Ijumaa alasiri kumpelekea maziwa ya ngamia na kusikia habari. Ndipo siku moja akaniomba nitafute kitu kwenye simu yangu. Alifunga mlango wa sebule kwanza.

"Tafuta gari la mbio," alisema. "La zamani. Milango miwili, pua ndefu, taa za mviringo. Yale madogo ya Kiingereza."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alinisimulia kwamba akiwa kijana, kabla hajajua hata kuendesha, alisimama kando ya barabara ya vumbi kuangalia mashindano yakipita. Gari moja la namna hiyo lilipita mbele yake, na sauti yake ilikuwa kama mtu anayerarua kitambaa kipya. Aliogopa hadi akakaa chini. Wenzake walikimbia kulifuata, yeye akabaki amekaa, na moyo haukutulia mpaka jioni. Tangu hapo, alisema, hakuna hata mwaka mmoja ambao hakulifikiria. Kila alipomfundisha mtu kupunguza mwendo, ndani yake kulikuwa na mtu mwingine aliyekuwa anakanyaga.

"Mama anajua?"

"Mama anajua kwamba nimezeeka. Hiyo inamtosha kwa sasa."

Nilimtafutia. Alichukua simu akaisogeza karibu na uso wake, akaisogeza kulia, akaisogeza kushoto, kama mtu anayeangalia noti kama ni halali. Nikadhani anahitaji miwani tu.

Kununua gari la zamani ni kazi ya hofu hata kwa mtu jasiri, na kwake ilikuwa mateso. Hakulala usiku wa kabla ya kwenda kuangalia. Aliogopa wenye gari, aliogopa madalali, aliogopa kutu. Tulikwenda Meru kuangalia moja jekundu linalong'aa kama peremende. Alitoa mfukoni sumaku iliyofungwa kwenye kitambaa, akaipitisha kwenye bodi polepole. Chini ya milango sumaku haikushika kitu.

"Hapa si bati," alininong'oneza. "Hapa ni unga na rangi. Tukipanda hili tunapanda keki."

Tulikwenda Nyeri kuangalia jingine. Kabla hata ya kumsalimia mwenyewe vizuri, aliweka kiganja juu ya boneti, akakitoa haraka.

"Mbona lina joto?"

"Nilikuwa nalisogeza tu, mzee," mwenye gari akasema.

Mwalimu akamshukuru, tukaondoka. Njiani alinieleza kwamba mtu akipasha injini moto kabla hujafika, kuna kitu hataki uone ikiwa baridi, labda moshi, labda shida ya kuwaka. Alikuwa ameumia kana kwamba amefiwa. Nilifikiri ataacha. Badala yake alikuwa na haraka, na haraka haikuwa tabia yake. Alinipigia simu asubuhi, adhuhuri. "Umepata jingine? Tafuta, binti. Tafuta."

Lile alilonunua lilikuwa kwenye shamba moja nje ya Timau, ndani ya banda la nyasi za ng'ombe. Mwenyewe alikuwa mjane wa fundi, mama wa Kimeru mwenye koti zito na buti za mvua. Mumewe alilitengeneza kwa miaka, kipande kwa kipande, akafa akiwa bado anataka kulipaka rangi upya. Lilikuwa la kijani lililofifia, viti viwili, halina paa, usukani wa mbao, kuku alikuwa ametaga kwenye kiti cha abiria. Boneti ilikuwa baridi kama jiwe.

Mwalimu alilichunguza asubuhi nzima. Sumaku ilishika kila mahali. Aliinua zulia akabonyeza sakafu kwa kidole gumba, akiwa amefumba macho. Alipapasa ndani ya matao ya tairi, akapapasa mabomba ya breki kutoka mwanzo hadi mwisho, akanusa kijiti cha oili. Nilifurahi kuona mtu akiijua kazi kwa mikono kiasi kile. Sikujiuliza kwa nini hatumii macho.

Lilipowashwa lilikohoa, likatoa moshi mweupe kidogo, kisha likatulia. Sauti ile ilijaza banda. Kuku wakakimbia. Mwalimu alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

Mjane alimtazama muda mrefu.

"Kuna vijana wamekuja hapa kutoka Nairobi," alisema. "Nimewakatalia. Wataliua, halafu litawaua. Wewe mzee, ni mtu wa spidi?"

"Mama, mimi ni mwoga," Mwalimu akasema.

"Mwoga wa kweli?"

Nikajibu mimi. "Mama, hakuna kama yeye."

Yule mama akacheka, mara akaanza kulia, akaingia nyumbani kuleta ufunguo. Tulipokwisha kunywa chai yake na kusaini karatasi, alisema neno moja la mwisho: breki ni za kizamani, zikipata moto sana huwa zinalegea, mumewe alikuwa akizilalamikia. Mwalimu alisema amesikia.

Alitaka kuendesha yeye. Nani angemkatalia? Aliweka kofia ya sala kichwani, akalizunguka gari, akainama, akasema bismillahi, tukaingia barabarani. Tulikuwa chini mno hivi kwamba magurudumu ya malori yalikuwa juu ya vichwa vyetu. Upepo wa mlimani uliingia kila mahali. Alienda taratibu sana, na uso wake ulikuwa umepauka kwa hofu na kitu kingine ambacho sikuwa nimewahi kukiona kwake. Alikuwa anatabasamu.

Nilikuwa natazama uso ule. Ndiyo maana nilichelewa kuuona mkokoteni.

Ulikuwa upande wangu, kushoto, umeingia lami nusu: punda, mitungi ya maji, na mwanamke akivuta kamba. Nilingoja Mwalimu akate usukani. Hakukata. Aliendelea kutabasamu, akitazama mbele kabisa, na tulikuwa tunakwenda moja kwa moja kumgonga yule mwanamke.

"Mwalimu! Mwalimu, kulia!"

Aliukata usukani kwa nguvu. Nilisikia kitu kikikwaruza mlango wangu, nikaona sikio la punda likipita karibu na uso wangu, na mdomo wa yule mwanamke ukiwa wazi. Gari liliyumba upande wa pili, lori lililokuwa linakuja likapiga honi ndefu, tukarudi upande wetu, tukasimama kwenye changarawe. Nilitazama nyuma. Mwanamke alikuwa amesimama. Punda alikuwa amesimama. Mtungi mmoja ulikuwa unabingirika barabarani, unamwaga maji.

Mwalimu alizima injini.

"Ilikuwa nini?" aliuliza.

"Mkokoteni. Mwanamke na punda."

"Upande gani?"

Nilimgeukia. Hakunigeukia. Nikainua mkono wangu taratibu, nikauweka hewani kando ya sikio lake, nikachezesha vidole. Hakuna kitu kilichobadilika usoni mwake.

"Unaona mkono wangu?"

Kisha akasema, "Uko wapi?"

Aliniambia yote pale kwenye changarawe, mikono yake ikiwa bado kwenye usukani wa mbao. Daktari alisema ni presha ya macho. Pembeni kulikuwa kumeshakufa, kumebaki katikati tu, kama mtu anayechungulia kupitia bomba, na bomba lilikuwa linazidi kuwa jembamba. Hakumwambia mtu, hata Mama. Hakuwa ameacha kufundisha. Alikuwa bado anakaa upande wa abiria, akiwaambia wanafunzi watazame pande zote.

"Wao ndio walikuwa macho yangu," alisema. "Na sikuwaambia. Mtu angekufa, binti. Mtu angekufa na mimi nimekaa pale na jiwe langu."

"Kwa nini gari hili, basi? Kwa nini sasa?"

"Nilitaka nifike nalo chini. Mara moja tu. Kutoka mlimani mpaka nyumbani." Alichomoa ufunguo akanipa. "Nimekosea. Endesha wewe."

Nilishuka kwanza nikaenda kwa yule mwanamke. Alinitukana, na nilistahili. Nilimsaidia kupandisha mtungi kwenye mkokoteni, nikaomba msamaha kwa niaba ya mzee, akasema tumwambie mzee aogope Mungu.

Kutoka makutano ya barabara ya Meru, njia inaanguka kuelekea Isiolo. Ukiwa pale juu unaona nchi yote ya kaskazini imelala chini kama ngozi iliyoanikwa, vilima vya mbali vya bluu, na joto linakupanda usoni kwa kila kona. Nimeipita mara nyingi sana. Siku ile niliiona kama mdomo.

Nyuma yetu kulikuwa na lori la saruji. Lilikuwa linakaribia, linarudi nyuma, linakaribia tena. Nilikanyaga breki, nikaachia, nikakanyaga. Mwalimu alikaa kushoto kwangu, kichwa ameinamisha kama anaswali.

"Unakanyaga sana," alisema.

"Kuna lori nyuma."

"Nimelisikia. Shuka gia."

"Litatugonga!"

"Shuka gia, binti."

Nilikanyaga tena, na safari hii pedali ilizama. Ilikuwa kama kukanyaga mkate uliolowa. Harufu ya kitu kinachoungua iliingia ndani. Gari likaanza kujiachia, na sauti ile, ile ya kurarua kitambaa, ikapanda. Nilipiga kelele kwamba hakuna breki. Nilisema hivyo kwa Kiborana, nadhani, kwa sababu ndiyo lugha niliyokuwa nayo wakati ule.

Mkono wake ukaja juu ya mkono wangu kwenye gia. Ulikuwa baridi, na haukukosea.

"Klachi. Sasa. Ya tatu." Injini ikalia. "Usiguse breki. Klachi tena. Ya pili. Italia, wacha ilie." Ililia kama mnyama. Nilirushwa mbele, na gari likashika. "Mbele yako kuna nini? Niambie."

"Kona. Ya kulia."

"Kuna mtu?"

"Hakuna."

"Watu kando?"

"Hakuna. Ndiyo, kuna mmoja, yuko mbali na lami."

"Mwache. Lori?"

"Linapiga honi."

"Acha lipige. Dereva wake anaogopa pia. Sema mbele yako kuna nini."

Tuliteremka hivyo. Mimi nilikuwa nasema barabara, yeye alikuwa anasema gari. Mpaka leo sijui ilichukua muda gani. Najua tu kwamba mteremko ulipolala na injini ikaanza kuvuta badala ya kuzuia, nilielekeza pua kwenye uwanda wenye vichaka, Mwalimu akavuta handibreki taratibu, jino kwa jino, tukasimama. Lori lilipita. Dereva wake alitoa mkono dirishani, na sikujua kama alikuwa anatusalimia au anatulaani.

Mwalimu alifungua mlango akashuka kwa magoti. Alitafuta ardhi kwa viganja. Nilimsikia akisema alhamdulillahi, alhamdulillahi, na kati ya moja na nyingine meno yake yakigongana.

Tulingoja breki zipoe, tukaingia mjini kwa mwendo wa mtu anayetembea. Getini pake nilizima gari nikamwambia, "Utamwambia Mama wewe, au nimwambie mimi?" Alisema atamwambia. Nilikaa ndani ya gari mpaka nikasikia sauti ya Mama ikipanda nyumbani, halafu ikikatika.

Kesho yake alibandua alama za L. Aliwapigia wanafunzi wake waliobaki, mmoja mmoja, akawaeleza sababu, hata wale ambao wasingejua kamwe. Mmoja alimfokea. Alimsikiliza mpaka mwisho.

Macho hayakurudi. Mabinti walimpeleka kwa madaktari, akatiwa dawa, akapasuliwa, na bomba likaendelea kuwa jembamba mpaka likaziba. Gari la kijani lilikaa uani chini ya turubai. Alipeleka breki zake kwa fundi, zikabadilishwa zote, ingawa hakuna aliyeliendesha. Siku nyingine nilimkuta amekaa ndani yake, mikono mapajani, injini imezimwa.

Mara ya mwisho nilipomwona karibu na gari lile ilikuwa alasiri moja ya jua kali, Mama aliponipigia niende. Mzee alikuwa ameamua kuliuza, na mnunuzi alikuwa amekuja. Alikuwa daktari wa mifugo kutoka Meru, mwanamke kijana aliyevaa suruali ya khaki, na hakuwa amewahi kumiliki gari la namna ile. Alilizunguka akiwa na hofu ya wazi, akaniuliza mimi mambo, na mimi nikamwelekeza kwa Mwalimu. Mwalimu alimweleza makosa yote: kutu pale, oili inavuja hapa, lilivyotaka kutuua kule mteremkoni. Alieleza kwa kirefu. Nilidhani anataka kumfukuza.

"Naomba kulijaribu," daktari akasema. "Lakini Mwalimu, siwezi peke yangu. Utakaa nami?"

Mama alisema hapana kabla Mwalimu hajajibu. Mwalimu alisimama, akanyoosha mkono kutafuta mlango, akaketi. Alipapasa akaupata mkanda, akaufunga.

Waliondoka kuelekea barabara kubwa ya kaskazini. Mimi na Mama tulisimama getini tukasikiliza sauti ikienda, ikawa ndogo, ikapotea. Tulingoja. Mwanzoni Mama alizungumza juu ya chai. Upepo ulipeperusha mifuko kwenye miiba, pikipiki zikapita, na kila moja iliposikika alinyanyua kichwa. Alinishika mkono, akaufinya mpaka ukaniuma.

"Huyu mzee ameogopa kwa ajili yetu sote maisha yake yote," alisema. "Sikujua ni kazi ngumu hivi."

Nilikuwa naangalia barabara na kuona mambo: punda, lori, mbuzi aliye tayari hewani. Nilikuwa nimeshatoa ufunguo wa gari langu nikawafuate tuliposikia ile sauti. Kwanza ilikuwa mbali, kama nzi. Kisha ikaja, ikapanda, ikararua alasiri yote, na gari la kijani likakata kona ya kiwanja, vumbi nyuma yake kama ukuta, likapunguza, likasimama mbele yetu.

Daktari alishuka amepauka, nywele zimesimama. "Nalichukua," alisema, akihema. "Mama, nisamehe. Ni yeye aliyeniambia nikanyage. Nilikuwa naenda polepole. Tulipofika kwenye lami iliyonyooka aliniuliza kama mbele kuna kitu. Nikamwambia hakuna, ni barabara tu mpaka mwisho wa macho. Akasema, basi kanyaga, usiache mpaka nikwambie. Na hakuniambia."

Mama alizunguka akafungua mlango wa abiria. Mwalimu alikuwa amekaa wima, kofia imepotea njiani, machozi ya upepo yamekauka mashavuni. Alimsaidia kusimama. Akaegemea gari, kiganja kimewekwa juu ya boneti yenye joto.

"Uliogopa?" Mama alimuuliza.

"Sana," akasema. "Wallahi, mama. Sana."

Na hakuondoa mkono.